Pumu Nyumba Ikifungwa: Mwongozo Kamili wa Kujitunza Wakati wa Lokidauni

Jumatano ya tarehe 6 Mei 2020, tukiwa katika kumi la pili la Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa. Kuingia hakuna, kutoka hakuna. Tuliambiwa siku 15, zikaongezwa mpaka Juni. Kafyu ilikuwapo tangu tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na mipaka ya kaunti ilishafungwa mwezi wa Aprili. Mimi nina pumu tangu utotoni na nakaa Kibokoni, kwenye vichochoro ambavyo hata tuktuk haipiti.

Mwezi ule nilifanya makosa mawili. Niliacha dawa yangu ya kila siku kwa kuwa niliambiwa inashusha kinga ya mwili. Kisha usiku mmoja kifua kikanibana tangu baada ya tarawehe niliyoswali nyumbani, nikakaa nacho mpaka saa nane kwa kuogopa askari wa kafyu. Nilipona, ila mwongozo huu umetoka katika saa zile. Korona ile imepita, lakini maradhi ya mlipuko hayaishi, na amri ya kukaa ndani inaweza kurudi wakati wowote kwa jina jingine.

Jambo la kujua kwanza: mwenye pumu iliyotulia, anayetumia dawa zake vizuri, hakuonekana kuwa katika hatari kubwa ya kufa kwa korona kuliko mtu mwingine. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao pumu yao ilikuwa imewashinda, hasa waliohitaji vidonge vya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, siku za karibuni. Kwa hiyo kazi yako lokidauni ikiingia ni kuituliza pumu kwanza.

Hatua ya 1: Hesabu dawa kabla hujahesabu unga

Tangazo likitoka, watu hukimbilia unga, sukari na tende. Wewe anza na inhela, au pampu kama wengine wanavyoiita. Wengi wetu tunazo mbili. Ya buluu ni salbutamol: inalegeza misuli iliyokaza njia za hewa, inafanya kazi kwa dakika chache, na nguvu yake hukaa kama saa nne hivi. Ya kahawia, mara nyingi beclometasone, ni steroidi ya kuvuta. Hiyo huisikii ikifanya kazi. Inapunguza uvimbe ndani ya njia za hewa polepole, kwa siku na wiki. Rangi hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, basi soma jina usitegemee rangi.

Kopo la kawaida lina mipulizo 200. Ukitumia ya kahawia miwili asubuhi na miwili usiku, ni minne kwa siku, kopo litakufikisha siku 50. Siku unayolifungua, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa plastiki, na chini yake andika tarehe litakapokwisha. Nunua jingine zikibaki wiki mbili. Mimi sasa sikai bila kopo moja la akiba la kila aina, kabatini, mbali na joto. Usiiache juu ya friji wala dirishani linapopiga jua.

Wazee wetu walitufundisha kulitia kopo kwenye bakuli la maji: likielea limekwisha, likizama limejaa. Acha. Kipimo hicho hakiaminiki, na kopo laweza kuendelea kutoa upepo baada ya dawa kwisha. Hesabu ya tarehe ndiyo ya kutegemea, au kihesabio kama kopo lako linacho.

Ya buluu itakusimulia habari nyingine. Ukiihitaji zaidi ya siku mbili kwa wiki, pumu haijatulia. Makopo matatu au zaidi kwa mwaka ni dalili kwamba unakaribia shambulio kubwa. Kopo kila mwezi ni hatari ya kifo, si utani. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema mtu mzima asitibiwe kwa ya buluu peke yake. Kama unayo hiyo tu, muulize daktari kuhusu ya kahawia, au ile ya mchanganyiko wa budesonide na formoterol inayofanya kazi zote mbili. Uliza mapema, kabla njia hazijafungwa, na umwombe akuandikie dawa za miezi miwili.

Hatua ya 2: Usiache ya kahawia

Uvumi wa 2020 ulikuwa huu: steroidi zinaua kinga, korona itakukuta huna silaha. Jirani aliniambia, na aliyemwambia yeye alikuwa kausikia kwenye sauti ya WhatsApp. Nikaweka kopo kando. Wiki ya kwanza nilijiona mzima, na hapo ndipo mtego ulipo, maana uvimbe unarudi taratibu kama ulivyoondoka. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa naamka usiku.

Kipimo cha steroidi unachovuta ni kidogo na kinafanya kazi zaidi mapafuni. Mwongozo wa madaktari mwaka ule ulikuwa wazi: endelea. Vuta kila siku, hata siku unayojisikia kupiga mbio. Kisha sukutua kwa maji na uteme, usije ukapata utando mweupe wa kuvu kinywani. Hilo la kuvu ndilo watu wachache hukumbushwa dukani.

Vidonge vya prednisolone, yaani steroidi ya kumeza, vilivyobaki tangu mwaka juzi ni habari nyingine kabisa. Usijipe mwenyewe bila daktari kukuandikia mpango wa lini na vingapi.

Hatua ya 3: Tengeneza spesa ya chupa

Ukipuliza inhela moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo. Spesa, kile kichupa cha kati ya inhela na mdomo, huipunguza kasi dawa ikafika inakotakiwa. Ya dukani ina bei. Lakini madaktari wa Afrika Kusini, Heather Zar na wenzake, walijaribu chupa ya plastiki ya nusu lita kwa watoto waliokuwa wamebanwa na pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999: ilifanya kazi sawa na ile ya dukani.

Chukua chupa safi ya maji ya mililita 500, ile ngumu kidogo. Kunja waya uwe na umbo la mdomo wa inhela yako, upashe moto, kisha uubonyeze kwenye kitako cha chupa mpaka plastiki ikatike kwa umbo hilo. Afanye mtu asiye na pumu, nje, kwa sababu harufu ya plastiki inayoungua peke yake inatosha kukubana. Pitisha mdomo wa inhela kwenye tundu. Lazima ukae kwa kukaza; panapovuja, zungusha utepe wa gundi. Shingo ya chupa ndiyo utakayoweka mdomoni. Osha kwa maji ya sabuni, ianike ikauke yenyewe bila kuisugua kwa kitambaa, kwa kuwa kusugua huifanya plastiki inase dawa kwenye kuta zake.

Namna ya kuvuta: keti wima, tikisa inhela, toa pumzi, funga midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja tu, vuta hewa polepole na kwa kina, ishike kifuani kwa kuhesabu kumi. Aliyebanwa asiyeweza kushika pumzi, na mtoto, apumue ndani ya chupa mara tano au sita. Subiri nusu dakika, tikisa tena, kisha mpulizo wa pili. Wale wanaobonyeza mara tatu kwa mpigo wanapoteza dawa. Na kila mtu na chupa yake. Wakati wa ugonjwa wa kuambukiza, spesa haiazimwi hata kwa ndugu.

Spesa ina faida ya pili. Mashine ya nebulaiza hugeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, unaoweza kutawanya virusi chumbani kama mgonjwa anavyo, na ndiyo maana 2020 ilishauriwa ikwepwe pale inapowezekana. Inhela na spesa, kwa mipulizo ya kutosha, hufanya kazi hiyo hiyo kwa mashambulio mengi.

Hatua ya 4: Isafishe hewa ya ndani, kwa sababu ndiyo utakayoivuta mchana kutwa

Hapa ndipo penye ugomvi wa kifamilia. Siku za kawaida ukibanwa nyumbani unatoka barazani. Ukifungiwa, kila kinachowaka na kunukia ndani kinaingia kifuani mwako.

Kwetu adui wa kwanza ni chetezo. Mamangu hawezi kuona Alhamisi ikiingia bila udi, na Ramadhani ni kila jioni. Sikumwambia aache, ningeanzia wapi? Nilimwomba tu afukizie nguo juu ya paa, kisha azianike huko mpaka moshi uishe ndipo azishushe. Wiki mbili alinuna. Siku aliyonisikia nikilala usiku mzima bila kukohoa, chetezo kikahamia paani chenyewe. Ubani, buhuri, na dawa ya mbu ya moshi vyote ni kundi hilo hilo. Kwa mbu, chandarua.

Jiko la makaa liwashwe nje mpaka makaa yawe mekundu bila moshi, na hata hapo lisiingizwe chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua hata wasio na pumu. Mvua za masika ndizo zinazotutia majaribuni kulivuta ndani. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukipatikana, tumia. Ukikaanga, fungua dirisha, na mwenye pumu asiwe yeye wa kukaa juu ya karai.

Kisha dawa za usafi. Watu walimwaga jiki kila mahali. Changanya na maji mengi, usafi ufanywe na mwingine, madirisha wazi, nawe uwe chumba kingine mpaka harufu ipungue. Usichanganye jiki na dawa ya choo wala kitu chochote kingine isipokuwa maji. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo humbana hata mwenye mapafu ya chuma. Na wakija wa kupuliza dawa mitaani kama walivyokuja 2020, funga madirisha na uende chumba cha nyuma. Shirika la Afya Duniani lilisema Mei mwaka ule kwamba kupuliza barabara hakushauriwi.

Nyumba za mawe ya matumbawe hutoa jasho wakati wa masika. Makabati yaweke mbali na ukuta kwa shibiri moja ili hewa ipite, futa koga kwa maji ya sabuni na ukaushe. Godoro na mito ya sufi, toa juani kila jua linapochomoza. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Mende nao: maganda na kinyesi chao huchokoza pumu, kwa hiyo funika makombo, na badala ya dawa ya kupuliza tumia chambo. Paka wa Mji wa Kale hawana mwenyewe na wana kila mwenyewe. Kama wanakubana, angalau wasilale kitandani kwako.

Hatua ya 5: Nyungu, barakoa na mengine ya msimu

Mwaka 2020 kujifukiza kulivuma, Tanzania zaidi, na huku kwetu kukapokelewa. Mvuke hauui virusi vilivyo mwilini. Kwa mwenye pumu, shuka juu ya sufuria ya mikaratusi na mwarobaini yaweza kuanzisha shambulio, na maji ya moto yameunguza watu. Ukitaka joto la tangawizi, kunywa.

Barakoa haipunguzi oksijeni. Inatia fukuto, na hofu ya fukuto hufanana na kubanwa. Zoea kuivaa ndani kwa dakika kumi kumi kabla ya foleni, na uifue kwa sabuni isiyo na manukato.

Homa ikija, meza paracetamol. Aspirini na ibuprofen huwabana baadhi ya wenye pumu; kama hujawahi kuzitumia bila shida, si wakati wa kujaribu.

Hatua ya 6: Kama ni Ramadhani

Ya kahawia haihitaji kuguswa mchana: vuta baada ya daku, kabla ya adhana, na baada ya futari. Hapo hakuna mjadala.

Ya buluu ndiyo yenye swali, na wanazuoni wametofautiana kama inafunguza. Muulize unayemwamini, ila muulize kabla ya Ramadhani, si wakati unahema. Ukibanwa mchana, vuta. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imemruhusu mgonjwa kulipa siku nyingine, na siku ya kulipa haiwezi kulipwa na maiti. Futari nayo ina lake: viazi karai na bajia nyingi, kisha kulala papo hapo, huleta kiungulia, na kiungulia usiku huamsha pumu. Kaa wima saa mbili tatu kwanza.

Hatua ya 7: Ni pumu au ni ule ugonjwa?

Pumu hupiga miluzi kifuani, huja zaidi usiku na alfajiri, mara nyingi ina kichokozi unachokijua, na hutulia ukivuta ya buluu. Homa, maumivu ya mwili mzima, koo kuwasha, kupoteza harufu au ladha, hayo si ya pumu peke yake. Yanaweza kuja pamoja, na virusi vya mafua ya kawaida ni vichokozi vikubwa vya pumu. Ukiwa na homa, jitenge, piga simu, na endelea na dawa zako zote.

Ukiwa na kipima pumzi, kile kijibomba kinachopima kasi ya pumzi unayotoa, puliza asubuhi ukiwa mzima na uandike namba yako bora. Chini ya asilimia 80 ya namba hiyo ni tahadhari, chini ya 50 ni dharura. Kile kipimo cha oksijeni cha kidole kinasaidia kikisoma chini ya 92: nenda hospitali. Lakini kikisoma 96 na huku huwezi kumaliza sentensi, iamini sentensi.

Hatua ya 8: Panga safari ya usiku mchana

Hatua hii ndiyo niliyoikosa, nami naiweka juu ya zote.

Kafyu haikuwahi kumzuia mgonjwa wa dharura kwenda hospitali, kwa maandishi. Njiani usiku ni habari nyingine, kila mtu aliyeishi mwaka ule anajua. Wenzetu wa Kampala walikuwa na kazi ngumu zaidi: magari ya binafsi yalipigwa marufuku mwishoni mwa Machi 2020 na mgonjwa alihitaji kibali cha mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na rais. Kwa hiyo siku ya kwanza ya amri yoyote, uliza: nani anatoa ruhusa, na namba yake ni ipi?

Pata barua fupi ya kliniki yenye jina lako, ugonjwa na dawa zako. Iweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho, inhela, spesa, chaja na pesa kidogo, na uutundike nyuma ya mlango. Andika namba ukutani kwa herufi kubwa: 1199 ya Msalaba Mwekundu, 999 ya dharura, dereva wa tuktuk aliyekubali kuitwa usiku, na jirani mwenye nguvu. Zungumza nao mapema. Dereva wangu alitaka kujua jambo moja tu: kama barua ipo.

Baada ya usiku ule, tulifanya jaribio. Ndugu yangu na jirani walinikalisha kwenye kiti cha plastiki wakanibeba kutoka ghorofa ya pili mpaka barabarani. Dakika tisa. Ngazi za kwetu ni kali na kona ya pili haipitishi kiti kwa ubavu, lazima kiinuliwe juu ya kifua. Bora tuliijua saa nne asubuhi huku tunacheka. Kama unakaa kichochoroni, lifanyeni jaribio hilo.

Ukibanwa, fanya hivi. Keti wima, usilale. Legeza kilichobana shingo na kifua, fungua dirisha. Vuta ya buluu kwa spesa, mpulizo mmoja kila sekunde 30 hadi 60, mpaka 10. Mwambie mtu akuhesabie na asikuache peke yako. Kwa mtoto, fuata idadi aliyoandika daktari wake. Ukipata nafuu, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Usipopata nafuu baada ya mipulizo 10, safari inaanza, na mipulizo inaendelea njiani.

Kuna dalili ambazo hazingojei hesabu: huwezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, ngozi ya katikati ya mbavu na juu ya kifua inaingia ndani kila ukivuta pumzi, unasinzia au kuchanganyikiwa. Na hii inayodanganya watu: miluzi inanyamaza ghafla lakini mgonjwa bado anahangaika. Kunyamaza huko si nafuu. Hewa haipiti. Ya buluu ikikutuliza kwa muda usiotimia saa nne kisha ukarudi ulipokuwa, hiyo pia ni ya kwenda, hata kama ni saa nane na askari wako kona.

Hatua ya 9: Milango ikifunguliwa

Usiifanye kliniki kuwa jambo la mwisho baada ya saluni na sokoni. Nenda ndani ya wiki mbili, na beba makopo yako matupu yenye tarehe ubavuni. Daktari wangu aliyapanga mezani, akaangalia ya buluu, akaangalia ya kahawia, akaniuliza kwa nini Mei haina tarehe.